Kelele za redio kutoka jenereta ya lori

Jenereta ya lori ni mtambo mdogo wa umeme uliofungwa kwenye gari ukiwa na injini yake, mbali na injini kuu. Ndiyo inayoendesha friji ya kontena la parachichi au minofu ya samaki, inayompa dereva kiyoyozi na chaji usiku gari likiwa limeegeshwa, au inayolisha vyombo vya gari la matangazo. Kelele za redio ni nishati ya masafa ya juu ambayo mtambo huo huitoa bila kukusudiwa, ikaingia kwenye redio ya kabini, simu ya upepo au kipokezi cha GPS. Kuzipunguza ni kazi ya fundi umeme wa magari kuliko ya fundi redio, kwa kuwa mara nyingi redio yenyewe ni nzima.

Nchini Marekani tatizo hili linajulikana sana kwa madereva wa masafa marefu. Tangu 2008 jimbo la California limezuia malori yenye kitanda kuacha injini kuu ikiunguruma zaidi ya dakika 5 yakiwa yameegeshwa, isipokuwa kwa masharti maalumu, na jenereta ndogo za dizeli zikawa moja ya njia za kulala bila joto. Madereva hao hao hutumia redio za CB, zenye chaneli 40 kati ya megahezi 26.965 na 27.405, na nyingi hufanya kazi kwa AM. Katika AM sauti hubebwa na ukubwa wa wimbi, na kelele nazo hubadilisha ukubwa huo huo. FM husumbuka kidogo kuliko AM kwa sababu kipokezi chake hukata mabadiliko ya ukubwa. Afrika Mashariki jenereta hizi huonekana zaidi kwenye malori ya makontena ya friji yanayokwenda na kutoka bandarini, zikiwa zimebandikwa mbele ya kontena au kufungwa chini ya trela. Yanayoumia zaidi ni magari ya misaada na ya hifadhi yenye simu za upepo za masafa ya megahezi 2 hadi 30.

Historia

Cheche ya umeme ni mtambo wa redio. Kwa cheche ndipo Heinrich Hertz alipothibitisha kuwepo kwa mawimbi ya redio mwishoni mwa miaka ya 1880, kwa hiyo haishangazi kwamba plagi za injini ya petroli zilikuwa adui wa kwanza wa redio ya gari. Kampuni ya Galvin ya Chicago, iliyotoa redio ya gari yenye jina la Motorola mwaka 1930, ililazimika kupambana kwanza na kelele za plagi kabla ya kuuza muziki. Mwaka 1934 iliundwa CISPR, kamati ya kimataifa inayoweka viwango vya kelele za redio. Kiwango chake namba 12 hulinda vipokezi vilivyo nje ya gari, na namba 25 hulinda vile vilivyomo ndani.

Jeshi la Marekani lilichukua jambo hili kwa uzito mkubwa. Katika Vita Kuu ya Pili, gari lililokwisha kuzibwa kelele lilipakwa herufi S mwishoni mwa namba yake kwenye boneti. Kituo cha redio cha SCR-299, kilichobebwa na gari la Chevrolet, kilikuwa na jenereta ya PE-95 iliyovutwa nyuma kwenye trela yake peke yake. Mpango huo bado unafaa kuigwa: mita chache za nafasi hufanya kazi ambayo vichujio vingi havifanyi. Karibu kabisa na chanzo, kila umbali unapozidishwa mara mbili kelele zinaweza kushuka kwa hadi desibeli 18. Mbali zaidi, mshuko ni wa desibeli 6.

Vyanzo

Injini ya dizeli haina plagi za cheche, na kwa sababu hiyo wengi hudhani jenereta ya dizeli haiwezi kupiga kelele redioni. Plagi za kupasha joto ni vipande vinavyowaka tu, hazina cheche. Lakini pampu ya umeme ya dizeli na feni zina brashi za kaboni zinazotoa cheche ndogo ndogo bila kukoma. Altaneta ya kuchaji nayo hutoa mlio unaopanda na kushuka kwa mwendo wa injini. Altaneta yenye jozi 6 za ncha hutoa mapigo 36 kwa kila mzunguko, hivyo ikizunguka mara 6,000 kwa dakika mlio wake ni wa hezi 3,600, mwembamba wa kuudhi kama mbu sikioni. Mlio huo ukibadilika ghafla ukawa mzito na mkubwa, kuna uwezekano dayodi moja imekufa. Hapo dawa ni kutengeneza altaneta. Kuifunika kwa kichujio ni kuficha ugonjwa.

Katika mitambo ya kisasa, mkosaji mkubwa kuliko wote ni umeme wa kukatwakatwa: inveta, chaja ya betri na AVR (kidhibiti cha volti cha jenereta) zinazowasha na kuzima mkondo maelfu ya mara kwa sekunde. Chaja inayokata mara 100,000 kwa sekunde huacha alama yake kila baada ya kilohezi 100 kwenye ukanda wa redio, hadi megahezi nyingi juu. Kwa malori ya volti 24 kuna mkosaji mwingine anayesahaulika: kigeuzi cha kushusha volti 24 hadi 12 kwa ajili ya redio. Mara nyingi jenereta hulaumiwa, kumbe kelele zinatoka kwenye kisanduku kidogo kilichofungwa nyuma ya dashibodi.

Jenereta za petroli bado zipo, hasa ndogo za kubeba. Kwao hatua ya kwanza ni plagi yenye ukinzani ndani, takriban kiloomu 5, pamoja na waya wa plagi wa kaboni badala ya wa shaba. Gharama yake ni ndogo na matokeo husikika mara moja.

Kutafuta njia ya kelele

Kabla ya kununua chochote, lazima ijulikane kelele zinapita wapi. Antena ikichomolewa redioni na kelele zikaendelea, zinaingia kwa waya wa umeme. Zikikoma, zinaingia kwa antena, na kichujio kwenye waya wa redio hakitasaidia kitu. Jaribio hili huchukua dakika moja, na bado hurukwa na mafundi wengi ambao hukimbilia kufunga kichujio cha dukani. Baada yake, redio ilishwe na betri ya pembeni isiyounganishwa na gari, kisha mizigo ya jenereta izimwe mmoja mmoja: chaja, feni, pampu, kigeuzi. Redio ndogo ya mkononi ya AM, ikiwekwa kati ya stesheni mbili na kupitishwa kando ya nyaya, huonyesha ni waya gani unaonguruma zaidi.

Urefu wa waya ni muhimu kuliko unavyofikiriwa. Kwenye megahezi 27 wimbi lina urefu wa mita 11, na robo yake ni mita 2.75. Waya wa jenereta wenye urefu wa karibu na huo, kutoka fremu hadi kabini, ni antena nzuri ya kurusha kelele iliyofungwa bila mtu kukusudia.

Tiba

Kazi inaanza kwenye ethi. Jenereta hukaa juu ya mipira ya kuzuia mtikisiko, kabini ya lori nayo imewekwa juu ya mipira na hufunguka kuinama mbele, na bomba la moshi hutundikwa kwa mpira. Kwa umeme wa masafa ya juu, vipande hivyo vyote vinaelea. Dawa ni mkanda mpana wa shaba iliyosukwa, mfupi iwezekanavyo, urefu wake usizidi mara 5 ya upana, uunganishe bodi ya jenereta na chesisi, chesisi na kabini, na bomba la moshi na fremu. Waya wa kawaida wa ethi hautoshi. Waya mwembamba wa sentimita 30, ambao mita ya omu huuona kama sifuri, kwenye megahezi 27 una kizuizi cha karibu omu 50. Rangi ikwanguliwe hadi chuma kionekane, kiungo kipakwe grisi, na magari ya mwambao yakaguliwe mara kwa mara, kwa kuwa chumvi ya bahari hula kiungo cha shaba na alumini haraka.

Kapasita inafuata, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kapasita ya mikrofaradi 0.1 yenye miguu ya jumla ya sentimita 10 hufanya kazi vizuri hadi karibu megahezi 1.6, juu ya hapo miguu yake ndiyo inayotawala, na kifaa kinaanza kuwa kizuizi badala ya njia ya kelele kushuka kwenye ethi. Kwa CB na simu ya upepo inafaa kapasita ya kupitisha, ambayo waya hupenya katikati yake na mwili wake hufungwa moja kwa moja kwenye bodi ya jenereta. Isifungwe kamwe kwenye waya wa fildi wa rejuleta, kwani inaweza kuiharibu.

Feraiti ndiyo tiba ya kelele zinazotembea kwa waya wa chanya na wa hasi kwa pamoja, zikielekea upande mmoja. Nyaya zote mbili zipite ndani ya pete moja, tena zizungushwe: mizunguko 3 huleta kizuizi cha karibu mara 9 ya mzunguko mmoja, ilimradi masafa hayajawa juu mno. Kibanio kimoja kilichobandikwa juu ya waya mnene, kama kinavyouzwa, mara nyingi ni pambo. Waya wa redio wenyewe uende moja kwa moja kwenye betri, ukiwa na fyuzi karibu na betri, usipite sambamba na nyaya za jenereta.

Upande wa umeme wa jenereta wa volti 230 au 400, kapasita kati ya waya wa moto na bodi lazima iwe ya daraja la Y, iliyotengenezwa ili ikiharibika isimpige mtu shoti. Kapasita ya kawaida hapo inaweza kugeuza bodi ya gari zima kuwa na umeme. Wala jenereta isifungiwe kwenye sanduku la bati kwa nia ya kuzuia mawimbi bila kuacha njia ya hewa; itachemka kabla ya kelele kupungua.

Redio nyingi za CB na simu za upepo zina kitufe cha kuzuia kelele za mapigo. Husaidia dhidi ya plagi, kwa sababu kila cheche ni fupi na kipokezi huweza kunyamaza kwa muda huo mdogo. Dhidi ya inveta na chaja, ambazo hazipumziki, hakina msaada mkubwa.

Pale mawasiliano yanapokuwa ya lazima, jenereta huzimwa. Simu ya upepo inayovuta takriban ampea 2 ikipokea tu inaweza kusikiliza saa 25 kwa nusu ya betri ya ampea-saa 100, ingawa kurusha kwa wati 100 huvuta takriban ampea 20 na kupunguza muda huo haraka. Betri hiyo iwe tofauti na ya kuwashia injini.