Waluddite hawakuchukia mashine

Katika kazi hii ya kuunda programu, mtu akitilia shaka kifaa kipya huitwa "Luddite", yaani adui wa maendeleo. Jina hilo lina historia, na historia yenyewe inasema tofauti.

Twende Nottinghamshire, Uingereza, mwaka 1811. Wafumaji wa soksi ndefu wa huko hawakuwa wageni wa mashine. Mashine ya kufumia soksi ilibuniwa na William Lee mwaka 1589, zaidi ya miaka 200 kabla. Wengi waliifanyia kazi nyumbani, na kuilipia kodi. Fundi stadi aliongeza na kupunguza vitanzi hadi soksi ikapata umbo la mguu.

Kisha wenye biashara wakapata njia ya mkato. Kwa mashine pana walifuma kitambaa kimoja kikubwa, wakakikata kwa mkasi na kukishona. Soksi zikawa nyingi na rahisi, lakini zilifumuka upesi. Wakaajiri pia vijana wasiohitimu ufundi. Malipo yakashuka na jina la mafundi wote likachafuka.

Ndipo vikundi vikaanza kuvunja mashine usiku, kwa jina la "General Ludd", kiongozi wa kubuniwa tu. Lakini hawakuvunja ovyo. Walilenga zile za kazi mbovu na za matajiri waliopunja malipo. Nyingine waliziacha.

Mwaka 1812 bunge likapitisha sheria ya kuwanyonga wavunja mashine, ingawa mshairi Lord Byron aliipinga katika bunge la juu. Mwaka huo huo Gravener Henson, kiongozi wa wafumaji, alifuata njia ya amani: mswada wa kuzuia ulaghai katika kazi yao. Bunge la chini likaupitisha, bunge la juu likautupa.

Kwa hiyo ugomvi haukuwa kati ya mkono na mashine. Ulikuwa juu ya nani aamue mashine itumikeje, na nani abebe hasara kazi ikiharibika.

Leo akili bandia inaandika programu, nasi wengi tunaitumia. Mwenzako akiuliza nani atawajibika programu ikifumuka mikononi mwa mteja, usimcheke. Wafumaji waliuliza hivyo hivyo, wakajibiwa kwa kitanzi.

Nyinyi mwaonaje?