Utani na kauli ya dhati

Utani ni uhusiano wa kimila unaoruhusu watu wa makabila, koo au vizazi fulani kudhihakiana bila kuudhika. Nchini Tanzania unajulikana zaidi kati ya makabila, kama Wanyamwezi na Wazaramo. Utani wa hawa wawili huhusishwa na misafara ya karne ya 19. Mtafiti R. E. Moreau aliandika makala kuhusu utani mwaka 1944.

Tatizo la utani ni kwamba aliyezoeleka kwa mzaha haaminiki anaposema kwa dhati. Ndiyo maana Kiswahili kina vibao vya kuonya: "utani pembeni", "kweli tupu", "haki ya Mungu tena". Navyo vimeshachakaa, kwa sababu mtani hodari huanza uongo wake kwa maneno hayohayo.

Msibani jambo hili huonekana wazi. Mtani hujilaza kaburini akidai pesa ndipo atoke, au huvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, wafiwa wakacheka na machozi yangali mashavuni. Rambirambi yake haimo katika maneno. Imo katika jembe alilolishika kuchimba kaburi.

Hata asiyetania huenda asisikilizwe kwa dhati. Wakurya wa Tarime na Serengeti wamebandikwa sifa ya kusema bila kupinda. Mkurya akisema kwa uchungu "sijakura tangu jana", wasikilizaji huicheka kwanza hiyo *r* iliyochukua nafasi ya *l*. Njaa yenyewe huulizwa baadaye, ikiulizwa.