Neno la Wiki: Kuhariri

"Migomba ya GMO" (yaani iliyobadilishwa vinasaba) ni jina linalobandikwa kila mche uliopita maabara, na si haki. Mkulima wa migomba anastahili neno sahihi zaidi: kuhariri.

Asili yake ni Kiarabu, na limezoeleka kwenye vyumba vya habari, pale makala inaposahihishwa kabla ya kuchapwa. Kwenye kinasaba (kutoka nasaba, yaani ukoo), kuhariri ni kubadili kipande cha maelekezo ambayo mmea tayari unayo. Kupandikiza kinasaba ni jambo jingine: hapo huingizwa kitu kipya, mara nyingi cha kiumbe tofauti. Kubebesha miembe, ufundi wa bustanini, hakugusi vinasaba kabisa.

Mfano uko karibu, Nairobi. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, IITA, akiwamo Leena Tripathi, walieleza walivyotumia CRISPR, mbinu ya kuhariri vinasaba, kuharibu chembe za urithi za virusi vya michirizi zilizojificha ndani ya mgomba aina ya Gonja Manjaya. Migomba iliyohaririwa ilipokoseshwa maji, hali inayoweza kuamsha virusi hivyo, asilimia 75 haikuonyesha dalili za ugonjwa. Mnyauko wa bakteria, uliotesa migomba ya Kagera, nao unafanyiwa utafiti kwa njia hiyohiyo.