Ukisusa, Wenzako Wanakula

Ndugu msikilizaji, wazee wetu wana msemo: ukisusa, wenzako wanakula. Juma hili nataka tuupime msemo huo kwa historia ya Zanzibar na Chama cha Wananchi, CUF, chama kilichobeba kwa miaka mingi matumaini ya karibu nusu ya wapiga kura wa Visiwani.

Mwaka 1995 Dk. Salmin Amour alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2, na Maalim Seif Shariff Hamad akapewa 49.8. CUF ilikataa matokeo, ikamkataa Rais, na wawakilishi wake wakasusia Baraza. Hasira ile ilikuwa na sababu. Lakini Pemba, iliyoipa CUF majimbo yake yote 21, ilikaa bila ya wa kuisemea barazani hadi Muafaka wa kwanza ulipotiwa saini Juni 1999. Muafaka huo haukutekelezwa ipasavyo, uchaguzi wa 2000 ukavurugika, na Januari 2001 damu ikamwagika Unguja na Pemba. Oktoba mwaka huo ukaja Muafaka wa pili, nao ukakwama.

Novemba 2009 Rais Amani Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wakapeana mikono. Tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakaulizwa katika kura ya maoni, na asilimia 66 wakasema ndiyo kwa Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Uchaguzi uliofuata Dk. Ali Mohamed Shein alimpita Maalim kwa kura zisizofika 4,000. Safari hii hakuna aliyekimbia nyumba yake. Maalim alikubali, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote, ilhali matokeo ya majimbo kadhaa yalikwishatangazwa. CUF ilidhulumiwa, na sioni haya kulisema. Ugomvi wangu nayo unaanzia Machi 20, 2016, iliposusia uchaguzi wa marudio.

Katiba iliyobadilishwa 2010 ilitaka chama kifikishe asilimia 10 ndipo kitoe Makamu wa Kwanza. Dk. Shein akapata asilimia 91, hakuna mwingine aliyefika kiwango hicho. Kiti kikabaki kitupu hadi 2020, na CCM ikachukua Baraza karibu lote. Je, ni nani aliyeadhibiwa? Si Jecha. Ni yule mkulima wa karafuu wa Wete, aliyepanga foleni tangu alfajiri, akabaki bila mwakilishi aliyemtaka.

Najua jibu: kushiriki kungehalalisha dhulma. Ni hoja nzito. Lakini maridhiano hayakuwa mali ya CUF peke yake hata iyasuse. Yalikuwa ya wananchi walioyapigia kura.

Maalim mwenyewe, akiwa ACT-Wazalendo, alilalamikia vikali uchaguzi wa 2020, uliompa asilimia 19 tu. Hata hivyo Desemba mwaka huo aliapa tena kuwa Makamu wa Kwanza. Wako wafuasi waliomlaumu. Alifariki Februari 17, 2021, akiwa ndani ya serikali ile ile aliyoilalamikia. Mimi naamini aliyajua machungu ya kususa kuliko sisi sote.

Tukutane juma lijalo, inshaallah.