Wanawake katika sayansi ya kompyuta nchini Marekani

Uhaba wa wanawake katika sayansi ya kompyuta nchini Marekani haukuwepo tangu mwanzo. Programu za ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, ziliandaliwa na wanawake sita, wakiwemo Kay McNulty na Betty Jennings. Walikaa miongo kadhaa bila kupewa heshima waliyostahili.

Katikati ya miaka ya 1980 wanawake walipata takriban asilimia 37 ya shahada za kwanza za fani hiyo. Baadaye kiwango kilishuka hadi karibu asilimia 18, ilhali katika udaktari na sheria kiliendelea kupanda. Hivyo dai kwamba wanawake hawana kipaji cha hesabu halina mashiko. Sababu inayotajwa sana ni kompyuta za nyumbani. Zilitangazwa kama vifaa vya wavulana, wazazi wengi wakawanunulia watoto wa kiume, na wahadhiri wakazoea wanafunzi waliofika chuoni wakiwa wameshazichezea kwa miaka. Msichana aliyeanzia darasani alionekana mzito, kumbe alikosa tu nafasi ya kujaribu mapema.

Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi wenyewe. Chuo kikapunguza uzito wa uzoefu wa awali katika udahili na kufungua njia tofauti za kuanzia masomo. Wasichana miongoni mwa wanafunzi wapya wa fani hiyo waliongezeka kutoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi 42 mwaka 2000.