Kikwapa katika matangazo ya biashara

Kikwapa ni harufu ya kwapa inayotokea bakteria wa kwenye ngozi wanapolivunjavunja jasho. Jasho lenyewe, likitoka tu, halinuki. Watu wa pwani walikuwa na jina la harufu hii na dawa zake, yaani maji, ndimu na shabu, kabla ya dawa za viwandani kufika madukani. Matangazo ya karne ya 20, hasa ya Marekani, yaliongeza kitu kimoja: hofu ya kunuka bila kujijua.

Mfano ulio wazi ni Odorono, dawa iliyobuniwa na daktari mpasuaji wa Cincinnati ili mikono yake isitoe jasho anapopasua. Binti yake, Edna Murphey, aliijaribu kwapani, akaanza kuiuza. Ilikuwa dawa ya kero: maji mekundu yenye asidi, yaliyowasha ngozi na kuharibu magauni, na mtumiaji alishauriwa aipake kabla ya kulala ipate kukauka. Wanawake wengi waliona hawana haja nayo.

Mwandishi wa matangazo James Young, wa kampuni ya J. Walter Thompson, hakutegemea kuisifu dawa tu. Mwaka 1919, katika jarida la Ladies' Home Journal, tangazo lake lilimwonya mwanamke kwamba huenda ananuka, hana habari, na hakuna atakayemwambia. Wasomaji wapatao 200 walichukizwa wakaacha kulinunua jarida. Mwaka uliofuata mauzo ya Odorono yaliongezeka kwa asilimia 112, yakafika dola 417,000. Onyo lile halikuwa na jibu, kwa kuwa pua huzoea harufu ya mwenyewe. Hata aliyetoka kuoga asingeweza kujihakikishia.

Baadaye sabuni ya Lifebuoy ya Lever Brothers iliifuata njia hiyohiyo. Barani Afrika uchungu wa matangazo ya namna hii ulizidi. Mwanahistoria Timothy Burke, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Zimbabwe, alionyesha jinsi biashara ya sabuni ilivyofungamana na dharau ya walowezi, waliouona mwili wa Mwafrika kuwa mchafu kwa asili. Huo ulikuwa uongo, na uliwaumiza watu waliokuwa na desturi zao za kuoga na kujipaka mafuta tangu zamani.

Shabu ya sokoni, ile ya bibi zetu, ni chumvi ya alumini, na chumvi za alumini ndizo zinazozuia jasho katika dawa nyingi za kwapa zinazotangazwa leo.