Mtihani wa olraunda: kutoka Yorkshire hadi Nairobi Gymkhana

Tarehe 1 Machi 2003, katika uwanja wa Wanderers jijini Johannesburg, Maurice Odumbe aliipigia Kenya mikimbio 52 na zamu ikaisha hajatolewa. Bangladesh walipoingia kuisaka 217 ya Kenya, akapewa mpira, akaangusha wiketi 4. Kenya ilishinda kwa mikimbio 32, na baadaye mwezi huohuo ikacheza nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi, jambo ambalo hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya Testi imewahi kulifanya.

Ukifungua vitabu vya takwimu, wastani wa Odumbe haumtishi mtu. Mkaguzi mkali atasema alikuwa mpigaji aliyependa kuazima mpira. Lakini miaka saba kabla ya Johannesburg, mjini Pune, huyuhuyu akiwa nahodha alirusha ova zake 10 akatoa mikimbio 15 tu na kuchukua wiketi 3, West Indies wakafungiwa 93. Mwaka 1998 kule Gwalior aliipigia Kenya 83 dhidi ya India, kisha akachukua wiketi, na India ikalala. Bahati haina tabia ya kurudi mara tatu kwa mtu mmoja. Je, ni olraunda, yaani mchezaji wa gongo na mpira pia, au siyo?

Kriketi imebishana juu ya swali hili kwa zaidi ya karne moja. Wazee wa Uingereza walikuwa na kipimo chao, na kilikuwa cha msimu mzima: mikimbio 1,000 na wiketi 100. W. G. Grace alikifikia mwaka 1873, kabla ya mtu mwingine yeyote. Wilfred Rhodes wa Yorkshire alikifikia mara 16, na George Hirst, mwenzake wa timu hiyohiyo, mara 14. Mwaka 1906 Hirst alipiga mikimbio 2,385 na kuangusha wiketi 208, rekodi ambayo haijaguswa hadi leo. Inasemekana alipoulizwa kama kuna atakayeirudia, alijibu kwamba huyo mtu, awe nani, atakuwa amechoka sana. Kaunti zilipopunguza mechi zake mwaka 1969, kipimo hicho kikafa chenyewe. Tangu hapo waliokifikia ni wawili tu, wote wakiichezea Nottinghamshire: Richard Hadlee mwaka 1984 na Franklyn Stephenson mwaka 1988.

Kwa mechi za kimataifa likabaki lile swali la vijiweni: je, angeingia timuni kwa gongo peke yake? Na kwa mpira peke yake, bila gongo? Ukiutumia mtihani huu kwa ukali, wanaobaki hawazidi vidole vya mkono mmoja. Keith Miller wa Australia anapita. Ian Botham wa miaka yake ya mwanzo anapita. Garfield Sobers, ambaye karibu kila mtu humweka juu ya wote, alitoa wastani wa mikimbio 34.03 kwa kila wiketi. Je, West Indies iliyokuwa na Wes Hall ingemchagua kwa mpira tu? Wanaosita hapo husahau kwamba alipoitwa mara ya kwanza mwaka 1954, akiwa na miaka 17, aliitwa kwa sababu ya mpira, akapangwa wa tisa kwenye orodha ya wapigaji. Miaka minne baadaye mjini Kingston alipiga 365 bila kutolewa dhidi ya Pakistan. Alifaulu nusu mbili za mtihani kwa miaka tofauti, kisha akazishika zote mbili pamoja hadi alipostaafu mwaka 1974.

Takwimu zilipopata mashabiki wake, ikaja njia ya mkato. Mpigaji ana wastani wake: mikimbio aliyopiga, igawanywe kwa mara alizotolewa. Mrushaji ana wake: mikimbio aliyotoa, igawanywe kwa wiketi alizoangusha. Wa kwanza ukiwa mkubwa ni heri, wa pili ukiwa mdogo ni heri. Basi toa wa pili kutoka kwa wa kwanza. Sobers anabaki na 23.75, Jacques Kallis wa Afrika Kusini 22.72, Imran Khan 14.88. Mpaka hapo hesabu inaonekana kuwa na akili.

Halafu inakuja kwa Walter Hammond, Mwingereza wa miaka ya 1930, ikampa 20.65, na Botham ikampa 5.14. Hammond alikuwa mpigaji wa ajabu aliyerusha mpira nahodha alipokosa la kufanya: wiketi 83 katika Testi 85. Botham aliangusha 383 katika Testi 102, na mjini Bombay mwaka 1980 alipiga 114 na kuchukua wiketi 13 katika mechi moja. Kapil Dev, aliyevuka mikimbio 5,000 na wiketi 400, jozi ambayo hakuna mwingine ameipata katika Testi, anaambulia 1.41. Hesabu inayomweka Hammond mbali mbele ya Kapil kwenye kazi ya olraunda ni ya kutupwa, hata kama imepigwa kwa usahihi.

Baraza la kimataifa la kriketi, ICC, linafanya tofauti katika orodha yake: pointi za gongo huzidishwa kwa pointi za mpira, kisha jawabu hugawanywa kwa 1,000. Ni afadhali sana, kwa sababu aliye hodari upande mmoja na hafifu upande wa pili haokolewi na kuzidisha. Kwa njia hiyo Shakib Al Hasan wa Bangladesh aliwahi kukaa kileleni mwa orodha zote tatu kwa wakati mmoja, Testi, mechi za siku moja na zile za ova 20, mwaka 2015. Hata hivyo orodha hiyo inapima mchezaji akiwa peke yake, ilhali thamani ya olraunda inakaa kwenye karatasi ya nahodha.

Karatasi hiyo ina majina 11. Katika mechi ya ova 50 hakuna anayeruhusiwa kurusha zaidi ya 10, kwa hiyo unahitaji warushaji watano hata upende nini. Ongeza mlinda wiketi, unabakiwa na nafasi tano za wapigaji, na hiyo ni timu inayoporomoka mapema. Olraunda ni yule anayekuwezesha kuandika jina la sita la mpigaji bila kufuta la mrushaji. Akiumia, nahodha hawezi kumbadilisha kwa mtu mmoja, na hicho ndicho kipimo changu. Anayerusha ova tatu za kuombea na kupiga mikimbio 15 ya kusindikiza ni kiraka, na viraka vipo katika kila timu. Ligi ya India iliporuhusu mwaka 2023 timu kumtoa mchezaji na kumwingiza mwingine katikati ya mechi, manahodha wakaanza kumtoa mpigaji na kumwingiza mrushaji, na kazi ya olraunda ikapungua mara moja. Rohit Sharma alilalamika hadharani kwamba kanuni hiyo inawadumaza, na sioni alipokosea.

Kwa kipimo hicho, Kenya ya 1996 hadi 2003 haikuwa na anasa ya wachezaji wa kazi moja. Wachezaji wa kiwango cha juu walikuwa wachache, wakitoka vilabu vilevile vya Nairobi, na wengi walizishika kazi zote mbili. Steve Tikolo ndiye aliyekuwa mpigaji bora wa nchi, aliyewahi kupiga 147 katika fainali ya Kombe la ICC mwaka 1997 mjini Kuala Lumpur, na bado wiketi zake katika mechi za siku moja zimezidi 90. Thomas Odoyo alifungua mashambulizi kwa mpira mpya na kupiga katikati ya orodha. Alikuwa wa kwanza kutoka nchi isiyocheza Testi kufikisha mikimbio 1,500 na wiketi 100 katika mechi za siku moja, na mwaka 2007 aliipiga Canada 111 bila kutolewa. Ukimwondoa Odoyo kwenye ile timu, unatafuta mrushaji wa kwanza na mpigaji wa saba, na Nairobi haikuwa na watu hao wa akiba. Wastani wake hauwezi kukueleza hilo. Odumbe naye, kwangu, anapita, ingawa mwaka 2004 alifungiwa miaka mitano kwa uhusiano wake na mcheza kamari na hatukuona mwisho wa kawaida wa safari yake.

Kinachobaki kigumu ni wakati. Rhodes alianza Testi mwaka 1899 akiwa mrushaji wa kuchaguliwa mwishoni mwa orodha ya wapigaji. Kufikia mwaka 1912 alikuwa akifungua zamu na Jack Hobbs, wakaweka 323 pamoja mjini Melbourne, na mpira wake kwa England ulikuwa karibu kusahaulika. Mwaka 1926, akiwa na miaka 48, wakamrudisha kwa ajili ya mpira uleule, na wiketi zake 4 katika zamu ya mwisho pale Oval zikasaidia kulirudisha taji la Ashes Uingereza. Kwa Yorkshire alikuwa olraunda msimu baada ya msimu. Kwa England, miaka mingi, alikuwa nusu yake moja tu, na ile nusu ilikuwa ikibadilika.

Collins Obuya alipita njia hiyo kwa kasi zaidi. Tarehe 24 Februari 2003, pale Nairobi Gymkhana, mpira wake wa kuzungusha uliwachanganya Sri Lanka: wiketi 5 kwa mikimbio 24, wakaishia 157, na Warwickshire ikamwita Uingereza. Ule mzunguko ulimponyoka taratibu. Miaka minane baadaye, katika Kombe la Dunia la 2011 mjini Bengaluru, alikuwa mpigaji, akawapiga Australia 98 na wasimtoe. Ningemtaka siku zote mbili. Lakini timu ya 2003 ilimchagua kwa mpira na ya 2011 ikampanga kwa gongo, na hakuna nahodha kati ya hao wawili aliyepata watu wawili katika nafasi moja.